Teke la Ndani ya Kifua

Wanaume wa ukoo wa Asani hawakuwa na kawaida ya kuzeeka. Baba yake alianguka kule Nyangwe akishuka mtumbwini, mfuko wa chumvi ukiwa bado begani, na walipomgeuza uso juu alikuwa ameshakufa. Kaka yake mkubwa alianguka katika sala ya Ijumaa. Waliokuwa safu ya nyuma walidhani amesujudu kabla ya imamu. Mjini Kasongo watu walikuwa na maelezo yao. Walisema babu wa ukoo ule alimnyang'anya mtu shamba la michikichi, na mwenye shamba alikufa akitamka kwamba hakuna mwanamume wa nyumba hiyo atakayeziona mvi zake.

Asani aliyasikia hayo tangu utoto na hakuyajibu. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Lusangi, akajenga nyumba ya matofali karibu na msikiti, akamwoa Rachida, binti wa mvuvi wa Nyangwe, wakazaa Sifa na baadaye Hemedi. Nyumbani alikuwa mkali, na kwenye kontwari yake, ofisi ya kununulia dhahabu, alikuwa mkali zaidi. Waliomfahamu walisema ule ni ukali wa mtu mwenye haraka.

Mwaka Sifa alipoposwa, Asani na Rachida walisafiri mpaka Dar es Salaam kununua vitu vya harusi. Huko, katika duka la vitambaa, mkono ukiwa umeshika ncha ya hariri, Asani alianguka kama baba yake na kaka yake. Lakini pale hapakuwa Nyangwe. Muuza duka alipiga magoti akamkandamiza kifua bila kuacha, gari likapatikana, hospitali ilikuwa karibu, na huko wakaurudisha moyo wake kwa mashine. Alipopata nguvu wakampasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakaweka ndani ya ngozi kisanduku cha chuma, kidogo kama sabuni iliyotumika nusu, na waya wake wakaupitisha kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo.

Daktari aliyemtibu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Rachida alimuuliza kama kile kisanduku kitamponya mumewe. Daktari alisema hapana, hakiponyi kitu. Kinangoja tu. Siku moyo ukiacha kupiga ukaanza kutetemeka, kitaupiga umeme ili urudi kwenye mwendo wake, na mwenyewe atasikia kama amepigwa teke kutoka ndani. Kisha alifunga mlango, akawaambia jambo ambalo wote wawili walilielewa vizuri.

"Huu ugonjwa unakwenda na damu," alisema. "Haubagui mtoto wa kiume wala wa kike. Waleteni watoto wenu tuwapime. Na ndugu zako pia, mzee. Wakikutwa nao, tutawasaidia kabla hawajaanguka."

Asani alimshukuru kwa heshima, akamwahidi kuwaleta wote.

Kwenye meli ya kuvuka ziwa, kati ya Kigoma na Kalemie, alimwita Rachida mahali pasipo na watu. Sifa alikuwa ameposwa na Ayoubu wa Kabambare, na baba yake Ayoubu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashimo mengi ya Lusangi. Ndoa ile ingemfungulia Asani mlango ambao wanunuzi wengine wa Kasongo walikuwa wanaugonga kwa miaka. Watu wa Kabambare walijua habari za kuanguka kwa wanaume wa ukoo wake, na hazikuwatisha, kwa kuwa laana ile, kama kila mtu alivyojua, ilikuwa ya wanaume tu. Asani alimwambia mkewe kwamba maneno ya daktari yameishia Dar es Salaam.

Rachida alisema daktari ametaja mtoto wa kike kwa kinywa chake.

"Nani ataoa mutoto mwenye moyo wa kusimama?" Asani akamuuliza. "Ukifungua mudomo, utarudi Nyangwe kwa baba yako, na Sifa atazeekea nyumbani. Ndiyo unataka?"

Rachida alijifunga kanga upya, akarudi kwenye mizigo. Meli ilipofika Kalemie wakashuka, na kutoka hapo mpaka Kasongo, juu ya pikipiki katika barabara ya matope, hakukuwa na nafasi ya kuzungumza.

Haikupita miezi mingi kisanduku kikafanya kazi yake. Asani alikuwa Lusangi, na alikuwa amemkamata mchimbaji mmoja anayeitwa Pitchou, aliyedaiwa kuchanganya dhahabu na vumbi la shaba. Alimpigisha magoti juani mbele ya wenzake, mikono kichwani, jiwe juu ya mikono. Asani akiwa katikati ya kumtukana, macho yalimgeuka, akaanguka kifudifudi. Wachimbaji walikimbia. Wengine walianza kucheka kwa woga, wakisema laana imemfikia. Mara mwili ukaruka kutoka chini, Asani akatoa sauti kama ya mtu aliyepigwa gongo, akakaa. Alitafuta kiatu chake kimoja, akakivaa, akajifuta matope usoni. Pitchou alikuwa ameshatua lile jiwe. Asani alimwamuru alirudishe kichwani, akaendelea kumtukana pale pale alipoachia.

Tangu siku hiyo wakamwita Asani Umeme, na jina lilimfurahisha. Watu wakija kontwarini aliwashika mkono akauweka kifuani ili waguse ukingo wa kisanduku chini ya ngozi. Alisema kifo kilikuja kumchukua kikapigwa teke. Aliwaongezea wafanyakazi wake matusi, akampiga Hemedi mbele ya rafiki zake kwa kosa la kuchelewa, na mtu akimsihi apunguze hasira kwa ajili ya moyo wake, alijibu kwamba moyo wake una askari.

Jioni moja Sifa alimwambia mama yake kwamba alipokuwa akikimbia mvua, moyo ulikwenda mbio peke yake kisha akaona giza. Alijikuta amekaa kwenye matope, hakujua amekaaje. Alilisema hilo akicheka, akisuka nywele za jirani. Rachida hakucheka. Alimfuata Asani chumbani, akamweleza yote, akamwomba ampeleke Sifa hata kwa kisingizio cha kununua nguo zaidi.

Asani alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema harusi iko karibu. Alisema msichana anayekaribia kuolewa hula kidogo na kuona giza ni jambo la kawaida. Kisha akasema neno ambalo Rachida alilibeba miaka yote iliyofuata: kwamba kama Sifa ana kitu, basi akiwa kwa mumewe kitakuwa cha mumewe.

"Baba Sifa," Rachida akasema, "weye umepigwa mara moja, ukaamuka. Yeye akianguka, nani atamupiga?"

Asani alimtandika kofi, si la nguvu sana, akazima taa.

Harusi ilifanyika Kabambare, na watu walikula siku nyingi. Ayoubu alikuwa kijana mtulivu, aliyependa kusikiliza kuliko kusema, na alimpenda mkewe waziwazi, mpaka wazee wakamtania. Katika boma lao aliishi shangazi yake, Cécilia, aliyewahi kuolewa na Mkristo na kubatizwa, kisha akarudi kwao baada ya mumewe kufa. Cécilia hakuwa na mtoto. Alimchukua Sifa kama binti, akamfundisha maneno ya Kibangubangu, akamwonyesha njia za shamba.

Kwenye njia hiyo ya shamba Sifa akafa. Walikuwa wanapanda kilima, wanawake kadhaa, kila mmoja na kikapu cha mihogo mgongoni. Cécilia alikuwa mbele yake, amesema kitu cha kuchekesha. Sifa alicheka, akasimama, akaanguka upande. Walimmwagia maji. Walimwita kwa jina. Wakamfungua kikapu, wakampepea kwa majani ya mgomba. Kifuani mwake hapakuwa na kitu cha kuujibu moyo ulipotetemeka, na alikuwa amekwisha kuwa baridi walipomfikisha barabarani. Alikuwa na mimba changa.

Asani na Rachida walifika Kabambare kwa pikipiki za Hemedi na mwenzake, wamelowa, Sifa akiwa ameshazikwa. Baada ya dua, Ayoubu alimwendea baba mkwe wake mbele ya wazee. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisema hataki ugomvi, anataka kujua tu.

"Baba, kwenu watu huanguka," alisema. "Sifa naye ilikuwa ile?"

Wazee wote walimtazama Asani. Rachida, aliyekaa na wanawake upande wa ukuta, alimtazama pia.

"Ile ni ya wanaume," Asani akajibu. "Kwetu hakuna mwanamuke aliyeanguka. Miye nilikuletea mutoto muzima. Uliza watu wa kwenu."

Neno hilo la mwisho lilitosha. Kabla ya jua kutua wanawake waliokuwa kilimani walikuwa wameulizwa nani alikuwa karibu na Sifa, nani alisema nini, nani alimpa nini cha kula asubuhi. Majibu yote yakaishia kwa Cécilia, mjane, asiye na mtoto, aliyemchekesha msichana mwenye mimba mpaka akafa. Vijana walikwenda kumtoa ndani, wakimwita mchawi. Ayoubu alijaribu kusimama mlangoni, wakamsukuma. Walimburuta yule mama mpaka njiani, wakamrushia mawe, na mojawapo likampata jichoni. Nyumba yake ya nyasi ilichomwa na kila kitu kilichokuwa ndani. Alikwenda akiyumba kuelekea bondeni, ameshika uso, na damu ikipita kati ya vidole.

Asani aliyaona yote akiwa amekaa kwenye kiti alichopewa. Hakutupa jiwe. Alikunywa chai yake. Rachida alisimama, kisha akakaa tena. Hata yeye hakusema.

Urafiki wa Asani na baba yake Ayoubu uliendelea. Dhahabu ya Lusangi ilikuja Kasongo kama kawaida. Kisanduku nacho kiliendelea kungoja. Mara moja kikampiga akiwa chooni, mara nyingine akiwa anahesabiwa kura za uchaguzi wa chama cha wafanyabiashara, na kila mara aliinuka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kile kitu hakifanyi kazi. Katika ukoo wao alikuwa mwanamume wa kwanza kupata mvi, na alizitunza, akizichana mbele ya kioo.

Lakini moyo wenyewe ulikuwa unachoka. Miguu ilianza kuvimba. Alilala ameegemea mito mitatu, na kupanda ngazi za msikiti kulimtoa jasho. Dawa za Dar es Salaam zilipokwisha alikunywa za Kindu, na za Kindu zilipokwisha alikunywa alichopata. Msimu wa mvua ulipokaza, barabara zikakatika pande zote.

Siku mambo yalipoharibika, teke la kwanza lilimpata baada ya sala ya adhuhuri, akiwa sebuleni, macho wazi, akili timamu. Zamani lilikuwa linamkuta ameshazimia, hivyo alisikia mwisho wake tu. Safari hii alilisikia lote. Alipiga kelele, kikombe kikaruka. Akakaa, akaanza kusema "Alhamdulillahi," na kabla ya kumaliza likaja la pili. Kisha la tatu. Baada ya hapo nyumba nzima ilikuwa inangoja pamoja naye. Kila lilipokuja mgongo wake ulikunjika kama samaki ndani ya mtumbwi, na majirani waliokuja kuangalia wakarudi nyuma mpaka uani.

Darlène, muuguzi wa kituo cha afya kilichokuwa karibu, aliitwa. Alimpima, akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akaomba namba ya daktari wa Dar es Salaam. Simu ilipopokewa aliiweka kwenye sauti kubwa, na Rachida na Hemedi wakasikia. Daktari aliuliza maswali mengi. Mwishoni alisema kwamba mashine haijaharibika. Moyo umefika mwisho wa nguvu zake, unatetemeka tena na tena, na mashine inaupiga kila mara kama ilivyofundishwa. Ingekuwa hospitali kubwa wangejaribu dawa za mshipani.

"Kama mnayo sumaku nzito, hata ya spika ya redio," alisema, "ikiwekwa juu ya kile kisanduku, mashine italala. Haitampiga tena mpaka mwiondoe. Lakini moyo ukitetemeka wakati huo, hakuna kitakachouamsha. Mwelezeni. Aamue mwenyewe."

Hemedi alivunja bafle, spika kubwa iliyokuwa kontwarini, akatoa sumaku, mviringo mweusi mzito kama sahani. Darlène alimweleza Asani kila kitu taratibu. Kisha akaitwa kwa mwanamke aliyekuwa anajifungua vibaya. Alimwachia Rachida kazi, akamwambia asimwekee mumewe kabla hajakubali, na akisha kukubali asimcheleweshe.

Asani alikubali hapo hapo. Teke lilikuwa limemwacha akilia kama mtoto, kamasi kwenye ndevu.

"Weka," alisema. "Mama Sifa, weka hii kitu."

Rachida alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake. Sumaku ilikuwa mapajani. Hakuiinua.

"Sema kwanza," akasema.

Asani hakuuliza aseme nini. Alimtazama mkewe kwa muda, akamwambia maneno machafu ambayo Hemedi hakuwahi kuyasikia ndani ya nyumba ile. Teke likaja. Liliposhuka, Rachida alikuwa amekaa vilevile. Alimwambia Hemedi ampigie simu Ayoubu, kisha aende kumwita imamu, na Iliasi, mdogo wake Asani, aliyekuwa na duka la nguo upande wa pili wa barabara.

"Na weye ulijua," Asani akasema, akihema. "Ulinyamaza. Ulikula chakula cha kilio pamoja na miye."

"Ndiyo," Rachida akajibu. "Na miye nitasema."

Imamu alikuja, Iliasi akaja. Simu iliwekwa juu ya meza, na sauti ya Ayoubu ikasikika ikiuliza kuna nini. Asani alifumba mdomo. Alipigwa teke jingine mbele yao, akaanguka kutoka kwenye kiti, na Iliasi akamrudisha. Imamu alimgeukia Rachida, akamwambia kwa upole kwamba kumwacha mtu katika mateso si jambo jema mbele ya Mungu. Rachida alisema anajua. Hemedi, mlangoni, alimsihi mama yake. Alisema inatosha. Rachida hakumtazama. Alikuwa anamtazama Asani tu, na sumaku ameishika kwa mikono miwili sasa, kama mtu anayehofia kunyang'anywa.

Lilipokuja lingine, Asani akasema. Alisema kwa vipande, kati ya pumzi, lakini aliyasema yote: daktari, mlango uliofungwa, ugonjwa usiobagua mwanamume wala mwanamke, meli, harusi. Alisema Sifa aliona giza kabla ya kuolewa na yeye alijua. Alisema yule mama wa Kabambare hakuwa na kosa. Rachida akainamia simu, akaongeza la kwake, kwamba alikuwepo, alisikia, na alimwona Cécilia akipigwa mawe akakaa kimya.

Ayoubu akakata simu.

Aliyezungumza alikuwa Iliasi. Alikuwa amekaa karibu na kaka yake, mkono bado mgongoni mwake.

"Munganga wa Dar es Salaam alisema na ndugu wapimwe?" akauliza. "Alinitaja na miye?"

Asani aliinamisha kichwa. Iliasi aliutoa mkono wake mgongoni, akasimama, akatoka nje. Walimsikia akivaa viatu, na hakurudi mpaka saa ya mazishi.

Rachida akaweka sumaku juu ya kifua. Asani alifumba macho. Chumba kikatulia, hata uso wake ukalegea, na imamu akaanza kumsomea. Haukupita muda mrefu moyo ukaanza kwenda mbio. Mshipa wa shingoni ulionekana ukicheza. Asani alifungua macho. Aliona kwamba teke haliji. Akaelewa maana ya kutokuja kwake.

"Toa," akasema.

Rachida akatoa. Teke likaja, akapiga kelele, akapumua.

"Weka."

Akaweka. Mshipa ukaanza kucheza tena, na mkono wa Asani ukainuka wenyewe, ukaisukuma sumaku, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Alipigwa. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa, akaomba iondolewe. Imamu aliacha kusoma. Wakati huu Rachida hakumchelewesha hata mara moja. Alifanya kila alichoambiwa, upesi, akilia, na haikusaidia. Asani hakuweza kuvumilia teke na hakuweza kuvumilia kukaa bila teke. Waliendelea hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka. Alikufa sumaku ikiwa imeondolewa, kwa amri yake, na baada ya pumzi yake ya mwisho kile kisanduku kilimrusha tena, na tena, macho yakiwa yamesimama, mpaka Rachida alipokifunika mwenyewe kwa sumaku. Waoshaji waliogopa kumgusa. Aliwashikia sumaku kifuani muda wote walipokuwa wanamwosha, wakizungusha maji pembeni ya vidole vyake.

Ayoubu hakuja kwenye mazishi. Alikuwa ameondoka Kabambare kumtafuta shangazi yake. Alimkuta Lusangi, kwenye kibanda cha jamaa wa marehemu mumewe, akiosha udongo wa wachimbaji kwa ujira wa chakula, jicho moja limekufa. Alimpigia magoti, akamwambia kila mtu sasa anajua. Cécilia alimuuliza kama wale waliomrushia mawe wapo bado. Ayoubu alisema wapo. Cécilia alisema basi hana haja ya kurudi, akaendelea kuosha udongo. Rachida, alipomaliza eda, alimpelekea kitambaa na chumvi. Vilirudishwa na mwendesha pikipiki aliyevipeleka, bila salamu.

Baada ya hapo Rachida alimpeleka Hemedi Dar es Salaam. Iliasi alikwenda pamoja nao, lakini njia nzima hakuzungumza na Rachida. Daktari yule yule aliwapima. Iliasi alikuwa mzima. Alifunga vifungo vya shati, akaketi akaegemea ukuta, akafunika uso. Hemedi alikuwa na moyo wa baba yake.

Daktari alimshauri wamwekee kisanduku. Alimwambia bila kuficha kwamba vijana wengi wenye moyo kama wake wanaishi miaka na miaka kwa sababu yake, na wengine hawapigwi hata mara moja. Rachida alikuwa ameuza nusu ya nyumba kwa ajili ya siku hiyo. Hemedi alisikiliza, akauliza maswali mazuri, akaomba akazungumze na mama yake nje.

Walikaa kwenye benchi la korido. Hemedi alisema anajua kile kitu kinafanya kazi. Kilimpa baba miaka, na kingempa Sifa. Alisema hana ubishi juu ya hilo.

"Basi kubali," Rachida akasema.

"Mama, niliona mwisho wake," Hemedi akajibu. "Nilikuwa mulangoni. Siku yangu ikifika, ni weye utakuwa umekaa mbele yangu. Utaningojesha?"

"Weye hujafanya kitu kibaya, mutoto wangu."

"Nani anajua nitakuwa nimefanya nini."

Rachida alitaka kumshika mkono, lakini Hemedi alikuwa ameshasimama. Alirudi ndani akamshukuru daktari, akasema hapana. Daktari alijaribu siku hiyo na kesho yake. Akampa dawa za vidonge, akamkataza kukimbia, kubeba mizigo na kuendesha pikipiki.

Sasa Hemedi anachaji simu za watu sokoni Kasongo, chini ya pano mbili za umeme wa jua, na vidonge anakunywa akikumbuka. Pikipiki ameiuza. Mwezi uliopita Marie-Thérèse, anayeuza ndizi jirani yake, alikuja nyumbani kumwambia Rachida kwamba alimwona kijana akiteleza kutoka kwenye kigoda, akalala chini kidogo, akainuka mwenyewe, akaendelea kuunganisha nyaya. Rachida alimuuliza aliporudi. Hemedi alinawa mikono, akaketi mbele ya sahani yake, akasema ni jua.